Hisa Haipimwi kwa Faida ya Mwaka Jana

Imeenea miongoni mwetu, tangu mjini Unguja hadi huku kwetu Micheweni, na imezidi kuenea tangu simu ya mkononi ilipomwezesha mtu kununua hisa za Dar es Salaam bila ya kuvuka bahari, itikadi ya kwamba thamani ya kampuni yajulikana kwa kuitazama faida iliyoipata mwaka uliopita na gawio lililotangazwa katika mkutano mkuu wa wanahisa. Na mtu akiulizwa ni kwa sababu gani ameitwaa akiba yake ya mwani au ya karafuu akaitia katika kampuni fulani, hujibu kwa utulivu wa mwenye hoja isiyo na jawabu kwamba kampuni hiyo mwaka jana ilipata. Mimi nasema kwamba itikadi hiyo ni batili, kwamba haikosei kwa kiasi kidogo tu bali aghalabu humwelekeza mtu upande ulio kinyume na maslahi yake, na kwamba madhara yake huwaangukia kwanza wale wasio na akiba ya pili ya kurudia.

Sisemi kwamba kuilinganisha bei na faida ni kosa. Hisa ni fungu la umiliki katika kampuni, na anayelinunua fungu hilo ananunua haki ya mapato yatakayopatikana muda wote kampuni itakapokuwa hai. Ni insafu, basi, aulize bei anayotakiwa kuitoa ni mara ngapi ya faida inayoingia kila mwaka kwa hisa moja. Hesabu hiyo ndiyo madalali wa hisa waiitayo uwiano wa bei kwa mapato, nayo ikitoka mara tano husema hisa ni rahisi, ikitoka mara thelathini husema ni ghali. Kosa limo katika kuichukua faida ya mwaka mmoja, mwaka ambao huenda ulikuwa wa neema isiyorudi au wa msiba usiorudi, na kuifanya kuwa shahidi wa maisha yote ya kampuni.

Watu wa Pemba ndio walio mbali zaidi na udhuru katika jambo hili, maana wana mkarafuu. Hapa Micheweni, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni mawe na watu wake hutegemea bahari na mwani, mikarafuu si mingi kama ilivyo Wete, Chake Chake na Mkoani, walakini msimu ukifika vijana wetu huenda kuchuma huko kama wengine, nao wajua kwa mikono yao kwamba mti huo hauzai sawasawa kila mwaka: unaweza kuelemewa na vikonyo msimu mmoja hata majamvi yakapungua ya kuanikia, kisha ukakaa msimu mmoja au miwili ukitoa kiasi kisichotosha ujira wa wachumaji. Mzee wa Pemba anayetaka kununua shamba, ardhi na miti yake pamoja, hakubali kupewa hesabu ya mavuno ya mwaka wa neema peke yake. Huuliza habari za miaka mingi, huuliza kwa majirani, huhesabu mwaka mbaya pamoja na mwema, ndipo anapotaja bei. Na mzee huyo huyo, akiambiwa na mwanawe kwamba benki au kiwanda cha saruji kimepata faida mwaka jana, hutoa fedha zake pasipo kuuliza habari za mwaka wa juzi.

Hekima hiyo ya mzee si ya Pemba peke yake. Mwaka 1934, Marekani ilipokuwa bado imo katika dhiki iliyofuata anguko la soko la hisa la 1929, Benjamin Graham na David Dodd, waliokuwa wakifundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia, walitoa kitabu chao kikubwa juu ya uchambuzi wa dhamana, wakashauri kwamba faida ya kampuni ipimwe kwa wastani wa miaka isiyopungua mitano, na ikiwezekana saba au kumi. Mwaka 1988 wachumi John Campbell na Robert Shiller waliitwaa rai hiyo, wakaongeza sharti la pili, kwamba faida ya kila mwaka igeuzwe kwanza kuwa fedha zenye nguvu ya leo, kwa kuondoa athari ya mfumuko wa bei. Ndipo zijumlishwe za miaka kumi, zigawanywe kwa kumi, na bei ya leo igawanywe kwa wastani huo. Kazi yenyewe haihitaji zaidi ya karatasi na subira: faida ya mwaka wa zamani huzidishwa kwa kadiri bei za vitu zilivyopanda tangu mwaka ule hata leo. Shiller alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2013.

Sharti hilo la pili ndilo linalopuuzwa zaidi hapa kwetu, ilhali ndilo tunalolihitaji zaidi kuliko Wamarekani. Kwa takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mfumuko wa bei Tanzania ulifikia asilimia 19.8 mwezi Disemba 2011, na wastani wa mwaka 2012 ukawa asilimia 16. Ukateremka baadaye, lakini ukiziunganisha nyongeza za kila mwaka tangu 2010 hata 2020 utaona kwamba bei zilikaribia kuwa maradufu. Maana yake ni kwamba kampuni iliyopata faida ya shilingi bilioni 10 mwaka 2010, ikapata bilioni 15 mwaka 2020, ikachapisha taarifa yenye picha za rangi kutangaza ukuaji wa asilimia 50, kwa hakika ilikuwa imerudi nyuma, kwani ilihitaji bilioni 19 na ushei ili isimame pale pale ilipokuwa. Mkulima wa karafuu hana haja ya kufundishwa na mimi jambo hili. Katika muongo huo Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar lilinunua kilo ya karafuu ya daraja la kwanza kwa shilingi 14,000 kwa misimu kadhaa mfululizo, na kila msimu mkulima aliyepokea hizo hizo 14,000 alirudi nyumbani na unga mpungufu, mafuta mapungufu, na ujira wa wachumaji uliopanda. Bei ilisimama katika karatasi, si katika jungu. Basi ni kwa sababu gani mtu aliyeonja jambo hilo katika karafuu zake aisadiki faida ya kampuni kwa idadi ya shilingi tu, bila ya kuuliza ni shilingi za mwaka gani?

Nitatoa ushahidi wa mbali, kisha wa karibu.

Wa mbali ni huu. Tarehe 9 Machi 2009, katika kilele cha msukosuko wa mabenki, kipimo cha soko la hisa la Marekani kiitwacho S&P 500 kilifunga katika pointi 676, kikiwa kimepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake tangu Oktoba 2007. Faida za makampuni zilikuwa zimeporomoka vibaya zaidi kuliko bei zenyewe, kiasi kwamba katikati ya mwaka huo uwiano wa bei kwa faida ya mwaka mmoja ulivuka mara 100, kima ambacho hakikupata kuonekana hata katika wazimu wa 1929 wala wa 1999. Aliyepima kwa faida ya mwaka jana aliambiwa na hesabu yake kwamba hisa zimekuwa ghali kupita wakati wowote katika tarehe ya nchi ile, akimbie. Aliyepima kwa faida za miaka kumi zilizorekebishwa aliona uwiano wa mara 13 hivi, chini ya wastani wa mara 16 au 17 wa zaidi ya karne nzima, na akajua kwamba anauziwa kwa bei nafuu. Sote twajua nani kati ya hao wawili aliyesadifu. Nacho kipimo hicho hicho cha miaka kumi, mwishoni mwa 1999, wakati kila mtu alipokuwa akinunua hisa za makampuni ya intaneti, kilifikia mara 44, kikapiga kelele ambayo wachache waliisikia.

Wa karibu ni wa Benki ya CRDB, nami nautaja kwa ajili ya hesabu tu. Kama kumiliki hisa za benki yenye kutoza riba ni halali au la, hilo ni la masheikh wetu, na sina ilimu ya kuwatangulia. Mwaka 2015 benki hiyo iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa shilingi 350 kila moja, na faida yake ya mwaka huo baada ya kodi ilizidi bilioni 120, sawa na bei ya mara saba hivi ya faida: rahisi, walisema wengi. Mwaka 2017, mikopo mibovu ikiwa imeyaelemea mabenki ya nchi nzima, faida ilikuwa imeshuka hata bilioni 36, na hisa ikauzwa kwa takriban shilingi 160. Hebu na tufanye hesabu ya mwaka mmoja kama wafanyavyo wenzetu. Kwa faida ile ndogo, bei ya 160 ilikuwa zaidi ya mara kumi na moja. Yaani kwa mizani yao hisa ile ile ya benki ile ile, yenye matawi yale yale, ilikuwa rahisi ilipouzwa 350 na ghali ilipouzwa 160! Wengi walioitii hesabu hiyo walinunua juu na kuuza chini, na bei iliendelea kuteremka hata ikawa chini ya ile shilingi 150 waliyonunulia watu mara ya kwanza mwaka 2009. Mtu aliyeziweka faida za miaka yote tangu 2009 katika safu moja, akazirekebisha kwa mfumuko wa bei, angaliona kwamba 2015 ilikuwa juu ya wastani na 2017 chini yake kwa mbali, na hukumu yake ingalikuwa kinyume kabisa na ya jirani zake. Kufikia 2023 benki hiyo ilitangaza faida iliyozidi bilioni 400.

Wako watakaonijibu kwamba kampuni hubadilika, na kwamba faida ya miaka kumi iliyopita haina habari yoyote ya kampuni ya leo. Jibu hili lina sehemu ya ukweli, nami siikanushi: kampuni iliyouza nusu ya viwanda vyake, au iliyounganishwa na nyingine, au iliyoongeza hisa maradufu, haiwezi kusomwa kwa wastani mtupu, na ndiyo maana faida huhesabiwa kwa hisa moja, na ndiyo maana mwenye kuhesabu sharti asome pia maelezo yaliyo chini ya taarifa za fedha. Shiller mwenyewe aliitumia hesabu yake zaidi kwa soko zima kuliko kwa kampuni moja moja, kwa kuwa kampuni moja yaweza kufa na soko likabaki. Lakini anayesema kwamba miaka kumi haitoshi kuijua kampuni, kisha akatosheka na mmoja, hakunipinga mimi. Amejipinga nafsi yake.

Wako pia watakaosema kwamba Shiller alionya mapema mno, mwezi Disemba 1996, kwamba hisa zimekuwa ghali, na soko likaendelea kupanda kwa zaidi ya miaka mitatu, hata waliomsikiliza wakakosa faida kubwa. Ni kweli, na kwa hiyo asiwepo mtu wa kukitumia kipimo hiki kutabiri soko litafanya nini mwezi ujao. Walakini ile Machi 2009 niliyoitaja, soko lilikuwa chini ya mahali lilipokuwa Disemba 1996. Aliyesubiri mpaka hapo alinunua kwa bei ya chini kuliko ya siku alipoonywa, na mtu anayeweka akiba kwa ajili ya Hijja au ya kuwasomesha wanawe ana miaka ya kusubiri.

Hoja iliyobaki ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kwamba soko letu ni changa. Biashara ya Soko la Hisa la Dar es Salaam ilianza Aprili 1998 kwa kampuni moja, TOL, na yako makampuni yaliyokuja baadaye pasipo kumbukumbu ndefu mbele ya umma. Mwaka 2011 Precision Air iliuza hisa kwa shilingi 475, na wengi walionunua walikuwa wakinunua matumaini ya safari za ndege kuongezeka. Kilichofuata ni hasara. Mimi hulichukulia jambo hili kinyume na wanavyolichukulia wenye hoja hiyo. Kampuni isiyo na miaka kumi ya kuonesha haistahiki bei ya kampuni iliyo nayo, na mnunuzi ana haki ya kudai bei ya chini kwa sababu ya giza analouziwa. Ama makampuni yaliyoorodheshwa zamani, kama TBL, Sigara, Swissport, Twiga na NMB, hayana udhuru wa uchanga, kwani taarifa zao za zaidi ya miaka kumi ziko.

Ziko, lakini zimetawanyika, na mtu wa Micheweni mwenye simu na shilingi laki mbili hawezi kuzikusanya. Hapa ndipo ninapowalaumu wenye dhamana. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana iwalazimishe wote wanaouza hisa kwa umma, na Soko lenyewe litangulie, kuchapisha kwa Kiswahili, katika ukurasa mmoja, faida ya kila hisa kwa miaka kumi, pamoja na safu ya pili iliyorekebishwa kwa takwimu za mfumuko wa bei ambazo Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa kila mwezi bila ya malipo. Ni kazi ya karani mmoja kwa siku chache. Mpaka hapo itakapofanywa, dalali ajaye Micheweni na karatasi yenye faida ya mwaka mmoja aulizwe mbele ya watu ile miaka tisa iliyobaki ameiacha wapi.