Tambara moja kwa kazi zote? Tuliache



Ndugu wasomaji, katika nyumba nyingi hapa Buyenzi na mitaa mingine ya Bujumbura, kitambaa kilichofuta meza ya chakula asubuhi ndicho kitakachofuta mkojo wa mtoto mchana, na jioni kikashikia sufuria. Kikianza kunuka husuuzwa kwa maji matupu, kikatundikwa kwenye bomba kimekunjamana. Sisi tunasema jambo hili liachwe, na kuliacha hakuhitaji fedha.

Tuanze na tohara, maana hapo ndipo penye uzito. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yenye wafuasi wengi ukanda wetu huu, maji machache, yaani yasiyofika kulatayni, yakiingiwa na najisi hunajisika hata kama rangi haikubadilika. Sasa itazameni ndoo ya kudekia. Tambara limefuta mkojo, likatumbukizwa humo, likakamuliwa, likarudi sakafuni. Najisi haikuondoka, imetandazwa nyumba nzima! Kisha baba anatoka kutia udhu, anapita hapo na miguu ina maji, anapanda mswalani.

Njia yake ni nyepesi. Kausheni mkojo kwanza kwa tambara lake maalumu, mmwagie maji safi pale mahali, ndipo mpanguse. Na tambara lenyewe limwagiwe maji kwa juu, kwa kopo au bombani, lisitumbukizwe kwenye beseni pamoja na vitambaa vya jikoni.

Upande wa afya nao si mdogo. Januari 2023 ilipotangazwa kuwa kipindupindu kimeingia nchini, tulihimizana sana kunawa mikono kwa sabuni, na lilikuwa jambo jema. Lakini mkono ulionawa vizuri ukafutwa kwa kitambaa kibichi kilichofuta maji ya nyama jana, umesafishwa nini hapo? Vijidudu hustawi penye unyevu na mabaki ya chakula. Kitambaa cha vyombo kifuliwe kwa sabuni kila siku na kianikwe juani kimekunjuliwa mpaka kikauke kabisa. Vya pamba vichemshwe mara kwa mara, dakika kumi zinatosha, katika sufuria isiyopikiwa chakula.

Wanaotumia javeli wafue kwa sabuni kwanza, kwani uchafu hula nguvu ya dawa ile, na watumie maji baridi. Wasiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya sumu inayoumiza mapafu, na jikoni zetu zenye dirisha moja dogo zinajulikana.

Jambo jingine, ambalo baadhi ya akina baba hawatalipenda. Kazi hii haikuandikiwa mama wala binti wa kazi peke yao. Kijana wa sekondari anayejua kung'arisha viatu vyake hashindwi kufua dekio.

Na nyinyi wanafunzi mliopanga chumba watu wanne na kitambaa kimoja, chukueni fulana kuukuu ya pamba mkate vipande vinne: cha vyombo, cha meza, cha mikono, na cha sakafu na choo. Hiki cha mwisho kipigwe fundo pembeni, ili hata umeme ukikatika mtu akikishika gizani akijue.