MAJINA YA MAANDIKO: YABESI



Mama mmoja alitujia na shauri. Mwanawe aitwa Mateso. Alimpa jina hilo kwa sababu alishikwa na utungu siku mbili, na mvua imefunga njia, hata akakaribia kufa. Sasa mtoto yu shuleni, na kila ashindwapo hesabu wenzake humwambia, "Jina lako lakutafuta." Nyumbani bibi yake asema maneno yale yale. Mama auliza: je, nimemfunga mwanangu kwa jina?

Swali hili si la mama huyu peke yake. Mwalimu wa Songea afunguapo daftari la mahudhurio si ajabu kukuta humo Tabu, Shida, Mashaka na Masumbuko. Wazee waliliweka jambo katika jina la mtoto lisipate kusahauliwa, na nchi hii imeona mambo: vita vya Majimaji tangu mwaka 1905 hata 1907, na njaa kali baada yake. Tusiwacheke. Waebrania nao walifanya hivyo.

Fungueni Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati. Sura zake tisa za mwanzo karibu zote ni majina, kuanzia Adamu. Nakiri ya kuwa kwa miaka mingi nalizipita upesi, kama mtu apitaye makaburi ya watu asiowajua. Lakini katika sura ya nne, kati ya wana wa Yuda, mwandishi asimama ghafula atupe habari ya mtu mmoja, Yabesi, kwa aya mbili tu, ya tisa na ya kumi. Babaye hakutajwa. Wala mamaye hakutajwa jina, ila neno lake limehifadhiwa: alimwita hivyo kwa kuwa alimzaa kwa maumivu.

Tutazame jina lenyewe. Kwa Kiebrania maumivu ni otseb, na jina ni Yabets. Herufi tatu za neno la maumivu zimo zote katika jina, lakini mbili za mwisho zimebadilishana mahali. Basi jina lakumbusha maumivu, wala si neno lenyewe la maumivu. Sisi wenye Kiswahili twaweza kulionja jambo hili, maana utungu na uchungu kwetu yakaribiana sana kwa sauti. Tena neno hilo lina ukoo mrefu: shina lake ndilo lile lililomo katika Mwanzo sura ya tatu, Eva alipoambiwa atazaa kwa maumivu, na Adamu ya kuwa atakula kwa taabu. Mama huyu, basi, alimpa mwanawe jina la msiba wa watu wote.

Naye mtoto alifanyaje? Raheli, akifa njiani kwenda Efrata, alimwita mwanawe Benoni, maana yake mwana wa huzuni yangu. Yakobo akalibadili, akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Yabesi hakubadilishiwa na mtu. Alibaki na jina lake, akaenda nalo kwa Mungu wa Israeli. Alimwomba ambariki, ampanulie mipaka yake, mkono wake uwe pamoja naye, amkinge na uovu, ili yasimpate maumivu. Katika neno hilo la mwisho larudi tena shina la jina lake! Aliomba yasimpate yale aliyoitwa kwayo. Mungu akamjalia. Na mwandishi alikwisha kusema, hata kabla ya kuitaja sala, ya kuwa Yabesi aliheshimiwa kuliko nduguze.

(Mwaka 2000 huko Marekani kilitoka kitabu kidogo juu ya sala hii, kikauzwa kwa mamilioni, na wako walioifanya kama hirizi ya kutafutia mali. Hayo tuyaache.)

Kwa mama wa Mateso twajibu hivi: hukumfunga. Jina ulilompa lasimulia siku zako mbili, si siku zake zijazo. Wanaomfunga ni wale wamrudishiao jina hilo kila akosapo. Bibi aambiwe kwa upole na kwa heshima ya uzee wake, tena aambiwe na mwanawe mwenyewe, si na mkwe. Mwalimu naye asikubali jina la mtoto liwe mzaha darasani. Mji wetu wenyewe waitwa kwa jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Nani asemaye ya kuwa mji umelaaniwa kwa hilo?

Juu ya ubatizo, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimwagiza padri, wazazi wasipokubali jina la Kikristu, aliongeze jina la mtakatifu juu ya lile walilolichagua. Ile ya mwaka 1983 yataka tu jina lisiwe geni kwa moyo wa Kikristu. Mateso si jina geni kwa watu wa Msalaba.

Mama aliuliza tena kama Yabesi aliacha wana. Maandiko hayawataji. Baada ya aya ya kumi mwandishi airudia hesabu yake kana kwamba hakusimama hata kidogo: Kelubu akamzaa Mehiri, na Mehiri akamzaa Eshtoni.