Vifurushi ‘bila kikomo’ vina kikomo



Nina dukuduku kuhusu vifurushi vya intaneti vinavyoitwa “bila kikomo”.

Sisi walimu watano wa shule moja ya msingi tulichanga Sh. 10,000 kila mmoja, tukanunua kifurushi cha namna hiyo cha mwezi mzima. Shabaha yetu ilikuwa kupata vitabu vya mtaala mpya ulioanza Januari 2024, ambavyo Taasisi ya Elimu Tanzania huviweka katika maktaba yake ya mtandao. Simu moja ilikaa ofisini ikigawa intaneti kwa vishikwambi vyetu, vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022.

Siku ya kumi na moja intaneti ikaanza kutambaa kama konokono. Maneno yakazuka. Mwalimu kijana alishutumiwa kwamba ndiye anayekimaliza kifurushi kwa kutazama mpira. Alikana, lakini hatukumsadiki, nami nikiwa mmojawapo.

Baadaye niliyasoma masharti, yaliyoandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Kumbe kasi kamili ni ya GB 40 za kwanza tu, yaani GB 8 kwa kila mmoja wetu. Zikiisha, kasi hushushwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde mpaka mwezi uishe. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo hizo ni kilobaiti 16 tu kwa sekunde. Kitabu cha MB 20 chahitaji dakika zaidi ya 20. Tukipakua sote watano kwa pamoja, kila mmoja atangoja zaidi ya saa moja na nusu. Je, huko si kufika kikomo?

Kosa jingine lilikuwa letu. Kishikwambi kinachopata intaneti kutoka simu nyingine chaweza kudhani kiko kwenye waifai isiyopimwa, kikaanza chenyewe kusasisha programu na kupandisha picha. Tulipokagua matumizi ya kila kifaa, mlaji mkubwa alikuwa kishikwambi changu mimi! Nilimwomba radhi mwenzangu mbele ya wote. Nawashauri wanaochangia kifurushi wazime kazi hizo kwanza, ndipo watafutane ubaya.

Sikatai kwamba mnara mmoja huhudumia watu wengi, na kwamba kampuni hupunguza kasi ili wachache wasiwabane wengine. Ninachokataa ni kufichwa. Muuza sukari akipunja mizani, Wakala wa Vipimo humshughulikia. Kwa nini muuza intaneti aruhusiwe kuandika “bila kikomo” juu ya kitu chenye kipimo?

Naiomba Mamlaka ya Mawasiliano iziamuru kampuni zieleze kwa Kiswahili, kabla mteja hajalipa, ni GB ngapi za kasi kamili na kasi itakayobaki baadaye. Aidha, mteja apewe taarifa kabla kasi haijashushwa. Jambo hili lawezekana. Aprili 2021 wananchi walipolalamikia bei mpya za vifurushi, zilisimamishwa mara moja.

Fedha tuliyochanga ilitoka katika mishahara yetu, na waliokosa vitabu ni watoto wa wakulima. Natumaini wahusika watalitazama jambo hili.

Mwalimu wa Kijijini,
Kondoa.