Mwakilishi Arudi kwa Waliomtuma
Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1980, hujadili Makadirio ya Serikali ya Mapinduzi kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Kikao kikishaahirishwa, kazi ya Mwakilishi haijakwisha. Baadhi yao, tunasikitika kusema, huonekana jimboni penye maulidi na mazishi tu. Hayo ni mema, lakini si ripoti. Wananchi wanataka kujua: gati letu limetengewa fedha kiasi gani? Waziri alijibu nini? Mswada uliopitishwa umekwisha kutiwa saini na Rais, au bado si sheria? Mvuvi wa Kojani hapaswi kuisikia sheria mpya kwanza kinywani mwa askari anayemkamata. Masheha na waitishe mikutano, na Ndugu Wawakilishi waje na kitabu cha Makadirio mkononi.