Miwani si Ngata

Bwana Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala ya mwandishi wenu anadiye kwamba miwani ya uhalisia pepe itawakusanya makarani wa kahawa wa Muleba na wakuu wao wa Bukoba katika baraza moja pasipo mtu kupanda basi, na kwamba uzito wake, maadamu haufiki kilo moja, si jambo la kujadiliwa na wenye akili. Kuhusu nauli sina ubishi; kuhusu shingo, la hasha.

Mama wa Muleba aendaye sokoni huuweka mkungu wa ndizi juu ya ngata, katikati ya utosi, ili mzigo ushukie uti wa mgongo sawasawa; lakini miwani ya Quest 3, yenye gramu 515, huning'iniza sehemu kubwa ya uzito wake mbele ya uso, na misuli ya kisogo haina budi kuuvuta nyuma muda wote wa kikao. Macho nayo hugeukiana kukifuata kitu kinachoonekana kuwa karibu, ilhali lenzi huyashurutisha kulenga umbali mmoja usiobadilika, na hitilafu hiyo ni mojawapo ya asili za uchovu na maumivu ya kichwa.

Mwandishi asema mazoea yatatibu. Mazoea humfunza mtu kustahimili. Hayapunguzi gramu hata moja. Basi kwa robo saa ya kukagua mchoro wa ghala, miwani na ivaliwe. Kwa hesabu za msimu mzima, simu na kiti chenye egemeo vyatosha.