Mitandao Isiwe Albamu ya Picha

Mashirika mwavuli, yaliyoundwa kuyasaidia mashirika madogo ya hiari, siku hizi yamo kwa wingi katika Facebook na WhatsApp. Hilo ni jambo jema. Lakini yanasema nini huko? Aghalabu ni picha za ufunguzi wa semina, mgeni rasmi kakaa katikati.

Kikundi cha wajane au cha walezi wa yatima kilichoko wilayani hakina haja na picha hiyo. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inalitaka kila shirika litoe taarifa ya kazi zake kila mwaka. Katibu wa kikundi, ambaye pengine ni mwalimu wa shule ya msingi, anataka kujua taarifa hiyo iandikwe vipi na ipelekwe wapi. Swali lake likikaa wiki tatu bila ya jibu, mtandao huo haukumfaa kitu.

Tunayataka mashirika mwavuli yamteue mtumishi mmoja ambaye kazi yake itakuwa kujibu. Majibu yawe mafupi, tena kwa Kiswahili, si video ndefu za kumaliza bando la watu. Na asiye na simu ya kisasa aendelee kupelekewa barua.