Maji ya Mzazi Yaje Mapema, Tena Yasiunguze

Mzazi akirudi nyumbani, maji huinjikwa. Atakandwa tumbo na kiuno kwa taulo linalofuka mvuke, asubuhi na jioni, na akipiga kelele ataambiwa ajikaze, la sivyo damu itagandia ndani na tumbo halitarudi. Imani hii wanayo hata wasomi, lakini haina mashiko. Damu ya uzazi hutoka kwa sababu mfuko wa uzazi unajikaza wenyewe, na kinachoukaza ni homoni ya oksitosini, ambayo huongezeka mtoto anaponyonya. Taulo la moto huunguza ngozi tu. Mzazi anayetokwa na damu nyingi, mabonge makubwa au mwenye homa anatakiwa hospitali, na kila saa anayokandwa ni saa anayocheleweshwa.

Kinachokera zaidi ni kwamba maji hayohayo, yakiwa ya uvuguvugu, yangemfaa akiwa leba, na huko ndiko anakoambiwa uchungu ni wa kuvumilia. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kukanda mwili na kuweka vitambaa vya joto kwa mjamzito mwenye afya anayeomba nafuu. Na wakati wa kusukuma, kitambaa cha joto kwenye msamba ili asichanike vibaya. Mwaka huohuo mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yenye tafiti 15 na wanawake 3,663, yalionyesha kuwa kukaa kwenye maji ya joto katika hatua ya kwanza ya uchungu hupunguza kidogo idadi ya wanaohitaji ganzi ya mgongoni, na hayakuona ushahidi kwamba mtoto hudhurika. Nafuu si kubwa, sawa, lakini ni nafuu.

Nitaambiwa mabafu hatuna, na mkunga mmoja anahudumia wanawake kadhaa. Kweli kabisa. Ila kitambaa safi, beseni na chupa ya chai iliyojazwa maji havingoji bajeti ya serikali. Vinangoja ndugu aruhusiwe kuingia, ayapime maji kwa kifundo cha mkono wake kabla ya kumgusa mwenzake. Wengine watasema bibi zetu walikandwa wakapona. Walipona, kwa sababu pia walipumzishwa, walilishwa uji na hawakuachwa peke yao, na hayo yaendelee. Wakuu wa wodi za wazazi wafungue mlango kwa huyo ndugu na chupa yake, na akina mama wakwe wapunguze moto jikoni.